Sauti ya mitambo ya upepo usiku: modeli yangu ilisema 38, mita ikasoma 44

Saa nane usiku nimesimama kwenye nyasi nyuma ya nyumba ya watu, mita ya sauti iko kwenye stendi yake, maikrofoni imevishwa sponji lake la kukinga upepo, na cha ajabu upepo wenyewe haupo. Jani halitikisiki. Ukungu umelala chini kabisa, ukipitisha tochi unauona kama shuka limetandikwa. Ila huko juu, mita mia hivi toka ardhini, mapanga yanazunguka kwa nguvu zote, vuuup... vuuup... vuuup, na namba kwenye kioo cha mita inapanda 44, inashuka 40, inapanda tena. Ripoti ya nyumba ile niliiandika mimi. Niliandika 38.

Hii post nimekuwa naiahirisha muda mrefu, leo naiandika yote. Kazi yangu ni kupiga hesabu za kelele, yaani watu wakitaka kuweka mitambo ya upepo mahali, kabla hata shimo la msingi halijachimbwa mi natengeneza modeli kwenye kompyuta inayosema nyumba hii itapata desibeli kadhaa na ile kadhaa, na kwa namba hizo inaamuliwa mtambo usimame hapa au usogezwe kule. Sasa modeli ikikosea hakuna anayeliona kosa kwenye karatasi. Linakuja kuonekana baada ya miaka, na anayeliona ni mtu aliyelala kitandani macho yako darini.

Aliyenipeleka pale usiku ni mama mwenye nyumba. Tulikutana kwenye kikao cha wakazi mchana, nikamwamkia, nikaanza kumweleza mambo ya wastani na viwango, akanisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, alafu akasema, "Mwanangu, mchana hata mimi sizisikii. Nyie mnakuja mchana siku zote. Njoo usiku ule ambao nguo kwenye kamba hazitikisiki." Nikamjibu, "Sawa mama, nitakuja." Hayo maneno ya nguo kwenye kamba ni somo zima la fizikia ya hewa, ni mimi tu nilichelewa kulielewa.

Ngoja nianze na sauti inakotoka maana wengi wanadhani ni mashine iliyo ndani ya lile boksi la juu. Zamani ndiyo, giaboksi na jenereta zilikuwa zinalia kweli, siku hizi boksi linafungiwa vizuri na kelele kubwa inatoka kwenye mapanga yenyewe. Hewa ikipita juu ya panga haipiti kwa utulivu, inajikunja vimbunga vidogovidogo, na hivyo vimbunga vikifika ukingo wa nyuma wa panga, pale palipo pembamba, vinakatika ghafla na hapo ndo sauti inazaliwa. Panga la mita 60 likizunguka mara 12 kwa dakika, ncha yake inakimbia mita 75 kwa sekunde, ni kama kilomita 270 kwa saa, na wewe ukitazama toka mbali unaona linajivuta taratibu tu. Nguvu ya sauti hii inapanda na spidi kwa kipeo cha tano hivi, jambo ambalo Ffowcs Williams na Hall walilitoa kwenye hesabu mwaka 1970. Kipeo cha tano maana yake spidi ikiwa mara mbili unaongeza desibeli 15, na ukipunguza spidi asilimia 10 tu unashusha kama 2.3. Hiyo 2.3 ishike, nitairudia huko mbele.

Mtambo mkubwa wa kisasa unatoa nguvu ya sauti ya kama 105 dB(A), yaani desibeli zilizorekebishwa zifuate jinsi sikio linavyosikia. Hiyo 105 sio unachosikia ukisimama chini yake, ni nguvu ya chanzo chenyewe, kama vile wati za taa ni kitu kimoja na mwanga unaofika kwenye daftari lako ni kitu kingine. Toka pale sauti inatawanyika pande zote kama puto linalopulizwa, nguvu ile ile inatandazwa kwenye eneo kubwa zaidi na zaidi, kwa hiyo kila umbali ukiwa mara mbili inapungua desibeli 6. Kalkuleta ya simu inatosha: chukua 105, toa 11, toa 20 mara logi ya umbali kwa mita. Mita 500 unapata 40, kilomita moja unapata 34, kilomita mbili unapata 28. Ukiwa na mitambo kumi iliyo umbali sawa toka kwako unaongeza 10, sio mara kumi, desibeli hazijumlishwi kama mahindi, mitambo miwili ya 40 inakupa 43 na sio 80. Hapo bado hatujagusa hewa wala ardhi.

Hewa yenyewe inakula sauti, na inakula kwa kuchagua. Kwenye nyuzi 10 za joto na unyevunyevu wa asilimia 70, hali ambayo watu wengi wanaiweka kwenye modeli, sauti ya 63 Hz (mitikisiko 63 kwa sekunde, besi nzito) inapoteza desibeli 0.1 tu kwa kilomita nzima. Ya 500 Hz inapoteza karibu 2, ya 1000 Hz inapoteza 3.7, ya 4000 Hz inapoteza karibu 33, na ya 8000 Hz inapoteza 117, yaani hiyo imekufa njiani kabla hata haijafika nusu. Ndo maana ukisimama karibu na mtambo unasikia shaaa shaaa ya hewa inayopasuliwa, na ukienda kilomita moja na nusu ile shaaa imebaki huko nyuma, kinachokufikia ni mguno wa chini wa besi, na besi ndo inayopenya ukuta na dirisha kirahisi kuliko sauti nyembamba. Mtu akiwa ndani anakwambia "nausikia kama lori limesimama mbali halizimi", anakuelezea hasa kile hewa na ukuta vilichoacha.

Ardhi nayo ina sehemu yake. Sauti inakufikia kwa njia mbili, moja ya moja kwa moja na nyingine iliyogonga ardhi ikaruka, na zikikutana sikioni kwako zinaweza kusaidiana au kukatana kutegemea na frikwensi. Maji, barafu, lami na zege vinarudisha karibu kila kitu. Nyasi, shamba lililolimwa na udongo laini vinanyonya kiasi. Kwenye njia ya hesabu inayotumika sana duniani, ISO 9613-2, ugumu wa ardhi unawakilishwa na herufi G, sifuri ikiwa ngumu na 1 ikiwa laini. Na hapa nikiri kosa langu la kwanza: kwenye ile nyumba niliweka G ya 1 kila mahali kwa sababu ramani ilionyesha mashamba na malisho, nikaona udongo ni laini basi utanyonya. Lakini chanzo kiko mita mia juu, sauti inashuka toka angani, haisafiri imelalia majani kama ya gari la barabarani, na vipimo vya watu wengi vimeshaonyesha kwamba G ya 1 kwa mitambo ya upepo inakupa namba ndogo kuliko ukweli. Mwongozo wa Institute of Acoustics ya Uingereza wa mwaka 2013 unasema wazi utumie 0.5, msikilizaji umweke mita 4 toka chini, na kama kati ya mtambo na nyumba kuna bonde lililochimbika uongeze desibeli 3. Nilikuwa nao huo mwongozo. Niliona tu "udongo laini" nikaamini macho yangu.

Hiyo ISO 9613-2 ya 1996 sio mbaya, naitumia mpaka leo, ila lazima ujue iliandikwa kwa ajili gani. Jedwali lake la usahihi, ile jumlisha au toa desibeli 3, ni pale wastani wa urefu wa chanzo na wa msikilizaji hauzidi mita 30 na umbali hauzidi mita 1000. Mtambo wa upepo unapita hapo kwa mbali. Toleo jipya limetoka 2024 na safari hii wameweka kiambatisho maalum cha mitambo ya upepo, miaka 28 baadaye. Kwa miaka yote hiyo katikati watu tumekuwa tunatumia kanuni za kiwanda cha pembeni ya barabara kwa kitu kinachozunguka juu angani.

Sasa tuje kwenye kitu kilichoninyima usingizi mimi mwenyewe, kupinda kwa sauti.

Sauti haiendi mstari ulionyooka isipokuwa hewa iwe sawa kila mahali, na hewa haiko sawa kamwe. Spidi ya sauti inategemea joto, mita 343 kwa sekunde kwenye nyuzi 20, inashuka kama 0.6 kwa kila nyuzi moja unayopunguza, na juu ya hapo inabebwa na upepo. Sasa upepo wa juu kwa kawaida una nguvu kuliko wa chini, kwa hiyo wimbi linaloenda kule upepo unakoelekea, sehemu yake ya juu inakimbia kuliko ya chini, likainama mbele na kushuka ardhini. Linaloenda kinyume cha upepo linafanya kinyume chake, linanyanyuka juu, na nyuma yake kinabaki kivuli cha sauti, mahali ambapo unauona mtambo vizuri kabisa kwa macho na huusikii. Hili sio jambo jipya. George Stokes alilieleza mwaka 1857, na Osborne Reynolds akalipima uwanjani na kulichapisha mwaka 1874 akaongeza na joto, kwamba mchana jua likipiga ardhi hewa ya chini inakuwa ya moto kuliko ya juu na sauti inapinda kwenda juu, na usiku mawingu yakiwa hayapo ardhi inapoa haraka, hewa ya chini inakuwa baridi kuliko ya juu, na sauti inapinda kurudi chini. Ndo sababu usiku mtulivu unasikia treni ya mbali ambayo mchana hata hujui kama ipo.

Kwa hiyo usiku wa namna ile, mtambo una bahati mbaya tatu kwa wakati mmoja, na zote zinamwangukia aliyelala.

Ya kwanza, sauti inarudishwa chini badala ya kupotelea juu. Ya pili, na hii ndo niliyokosea vibaya zaidi, hewa ikitulia upepo wa chini na wa juu unaachana. Mchana jua linachanganya hewa, upepo wa juu unavutwa chini na wa chini unapelekwa juu, unakuta tofauti sio kubwa. Usiku uchanganyaji ule unasimama, hewa inalala kwa tabaka, ya chini inakwama kwenye majani na miti na ya juu inateleza yenyewe haishikwi na chochote. Tunaiandika kwa kipeo: upepo wa mita 100 ni upepo wa mita 10 mara kumi (100 gawa 10) iliyopandishwa kwa kipeo fulani. Mchana kipeo ni kama 0.14, usiku uliotulia kinafika 0.4 na kupita. Tuseme mita 10 toka chini unapima mita 3 kwa sekunde. Kwa kipeo cha mchana huko juu kuna mita 4.1, mtambo ndo kwanza unaamka. Kwa kipeo cha usiku kuna mita 7.5, mtambo uko kazini kwelikweli. Upepo wa chini ni ule ule! Na mimi nilikuwa nimechukua upepo wa mita 10, nikaupandisha juu kwa kipeo cha mchana kwa saa zote 24, nikaipa modeli yangu mtambo ambao usiku umelala wakati uko macho.

Ya tatu, huku chini kukiwa hakuna upepo hakuna majani yanayovuma, hakuna kitu cha kuifunika ile sauti. Mchana desibeli 40 za mtambo zinazama ndani ya 45 za miti na barabara. Usiku kelele za mazingira zimeshuka hadi 25 na desibeli 40 zimesimama peke yake. Nguo kwenye kamba hazitikisiki. Mama alishamaliza kusema.

Na ningepaswa kujua kwa sababu imeshaandikwa. Mwaka 2004 Mholanzi G.P. van den Berg alichapisha kazi yake kuhusu mitambo 17 ya Rhede, mpakani mwa Ujerumani na Uholanzi, mitambo yenye minara ya mita 98. Wakazi walikuwa wanalalamika, hadi walioko mita 1900, wakati hesabu za kawaida zilisema mambo yako sawa. Akapima usiku mrefu mrefu na kukuta upepo wa juu unafika mara 2.6 ya ule ambao njia ya kawaida ingetabiri kutokana na upepo wa chini, na sauti inazidi hadi desibeli 15 kuliko mchana kwa upepo ule ule wa chini. Desibeli 15! Kuna mtu amelala pale anaambiwa na ripoti kwamba anachosikia hakipo.

Kabla ya hapo kuna ule wa Boone, North Carolina, mtambo wa majaribio wa NASA ulioitwa MOD-1, wa megawati 2, uliowekwa juu ya mlima mwaka 1979. Ule mapanga yake yalikuwa nyuma ya mnara, kwa hiyo kila panga likipita linaingia kwenye hewa iliyovurugwa na mnara na kutoa mshindo, na nyumba za chini zilikuwa zinatikisika vyombo. Ila kilichonishika mimi ni kwamba waliolalamika walikuwa wachache, wengine wengi karibu yao hawakusikia kitu, na wengine walidhani hao wachache wanazidisha. Timu ya Neil Kelley ilipochunguza ikakuta hewa na umbo la milima vilikuwa vinakusanya sauti na kuimwaga sehemu fulani fulani tu, kama kioo kinavyokusanya jua. Kwa hiyo nyumba mbili za jirani zinaweza kuwa na usiku mbili tofauti kabisa na wote wanasema ukweli. Tangu nisome ile ripoti sijawahi tena kumwambia mtu "mbona jirani yako halalamiki".

Halafu kuna lile vuuup lenyewe, ambalo wastani hauwezi kulionyesha. Mapanga matatu, mizunguko 12 kwa dakika, unapata mapigo 36 kwa dakika. Oerlemans na wenzake mwaka 2007 walipanga maikrofoni nyingi chini ya mtambo wakatengeneza kama picha ya sauti, ikaonekana kwa mtu aliyesimama ardhini karibu sauti yote inatoka kwenye panga linaloshuka, sio linalopanda, kwa sababu ukingo wa panga hautoi sauti sawa pande zote na spidi yenyewe inaisukuma sauti mbele. Hiyo ni ya karibu. Ukiwa mbali kuna sababu nyingine inaongezeka: ncha ya panga ikiwa juu kabisa na ikiwa chini kabisa kuna tofauti ya mita 120, ni hewa mbili tofauti, na kama uko ukingoni mwa kivuli cha sauti panga linaingia kivulini na kutoka, linaingia na kutoka. Modeli inayochukua mtambo mzima kama nukta moja pale katikati haiwezi kuiona hiyo hata uipe kompyuta kubwa kiasi gani. Na sikio la binadamu halisikilizi wastani, linafuata kinachobadilika, 40 inayopumua inasumbua kuliko 40 iliyonyooka.

Kwa hiyo sasa hivi natumia njia mbili. Ya kwanza bado ni ile ya ISO kwa ramani nzima, inachukua dakika chache na inakupa picha ya jumla. Ya pili, kwa zile nyumba ambazo namba iko karibu na kikomo, natumia mlinganyo wa parabola, njia ambayo Gilbert na White waliileta kwenye sauti ya nje mwaka 1989. Unalichukua wimbi kwenye chanzo, unalisogeza mbele hatua kwa hatua, na kila hatua unalipa hewa halisi ya pale, upepo wa kila urefu, joto la kila urefu, ardhi ya pale chini. Linapinda lenyewe, linaruka lenyewe, kivuli kinajichora chenyewe bila wewe kukiweka kwa mkono. Mara ya kwanza kuona ile picha, mistari ya rangi ikishuka toka kwenye mtambo na kujikunja kama nyasi zilizolazwa na upepo, nilikaa naitazama tu.

Bei yake ni muda. Hatua lazima iwe ndogo, kama sehemu ya kumi ya urefu wa wimbi. Kwa 50 Hz wimbi lina mita karibu 7 kwa hiyo unakwenda kwa sentimita 68, rahisi. Kwa 1000 Hz unakwenda kwa sentimita 3.4, na kilomita mbili kwa sentimita 3.4 ni hatua karibu elfu 59, kila hatua ina nukta elfu kumi kwenda juu, hapo ni frikwensi moja, mwelekeo mmoja, usiku mmoja. Kwa hiyo napeleka mzigo mzito kwenye besi na katikati, maana huko mbali sauti nyembamba imeshaliwa na hewa na haibadilishi jibu.

Ila nasema hivi kwa mtu anayeanza kazi hii: mlinganyo sio tatizo kubwa, hewa unayoilisha ndo tatizo. Unaweza kuwa na njia nzuri kuliko zote duniani ukailisha wastani wa upepo wa mwaka mzima na ikakupa usiku ambao haujawahi kutokea. Bora njia rahisi yenye hewa ya kweli. Mi sasa kila mradi naomba data ya mnara wa vipimo yenye upepo wa angalau urefu tatu na joto la urefu mbili, kila dakika kumi, mwaka mzima, na kama hawana nasema sitatoa namba ya usiku. Nimeshagombana na watu kwa hilo, sawa tu.

Turudi kwa yule mama. Baada ya usiku ule nilimwomba awe anaandika, akachukua kalenda ya ukutani, akawa anaweka alama tu, mkasi kwa usiku mbaya na duara kwa usiku mzuri, na saa pembeni. Miezi minne. Nikaomba data ya mtambo wenyewe, upepo wa juu kwa kila dakika kumi, nikaweka na upepo wa chini toka kwenye mita yangu, nikachora kipeo cha kila usiku kwenye grafu, alafu nikapachika alama zake juu yake. Mikasi ilijipanga kule kipeo kinapozidi 0.35 na upepo unapovuma toka mtamboni kuja kwake. Maduara yalijaza usiku wa mawingu na usiku wa upepo wa kinyume. Kulikuwa na mikasi mitatu ilikaa pasipo pake, nikaenda kumuuliza, akafikiria, akaniambia usiku huo alikuwa na mgonjwa ndani, hakulala kwa mengine. Kwenye maisha yangu ya kazi sijapata kifaa kilichonipa data safi kama ile kalenda.

Nikairudia modeli na hewa za usiku, ardhi ya 0.5, chanzo nikakigawa nukta kadhaa kwenye mapanga badala ya moja. Ikatoa 42 kwa usiku wa mikasi, ikipanda na kushuka. Nikaandika ripoti mpya, nikaweka na ile ya zamani pembeni yake na maelezo ya nilipokosea, nikaipeleka kwa wenye mitambo mimi mwenyewe. Haikuwa siku nyepesi. Ila walikubali kitu kimoja: mitambo miwili iliyo karibu na nyumba, hewa ikitulia na upepo ukija upande ule, inapunguza mzunguko kwa asilimia 10. Ile 2.3 niliyosema uishike. Umeme unaopotea ni kidogo kwa sababu ni saa chache kwa mwaka, sio usiku wote.

2.3 sio nyingi, najua. Nimewaambia pia kuhusu ile mikanda yenye meno ya msumeno inayobandikwa ukingo wa nyuma wa mapanga, wazo lililotokana na manyoya ya bundi, inaweza kushusha nyingine 2 au 3. Hilo bado hawajanijibu, na nitaendelea kuuliza.

Wiki iliyopita mama kanitumia picha ya kalenda kwenye simu. Mwezi mzima, maduara 24, mikasi minne, na siku mbili hajaweka kitu. Nikampigia kuuliza hizo mbili zilikuwaje, maana kwenye data ni usiku ambao kipeo kilikuwa juu kabisa na nilitegemea mikasi. Akacheka akasema, "Hizo nililala, mwanangu, ningeandika saa ngapi?"